Picha moja, mimi mara mbili: nilivyomtafutia mtoto wa pacha wangu sura ya mama yake

Wakuu, asalaam aleikum. Mimi ni bibi wa Galbet, hapa Garissa. Shule niliipita mlangoni tu, kwa hivyo makosa mtavumilia. Uongo hamtaukuta.

Nilizaliwa pacha. Mwenzangu aliitwa Dahabo. Uso mmoja, sauti moja, hata baba alikuwa anatuchanganya.

Dahabo alifariki Eldas, siku chache baada ya kujifungua. Hakuwahi kupigwa picha hata moja. Mtoto wake, Ubah, alilelewa na watu wa baba yake huko Kutulo. Sasa ni mama mzima. Mwezi uliopita akanipigia: "Habaryar, nakuja. Nataka tu kujua mama alikuwa anafanana vipi."

Habaryar kwetu ni mama mdogo. Simu ikakatika, nikabaki nimeishika. Nimwonyeshe nini?

Mjukuu wangu Hodan hupiga picha za harusi. Najivunia huyo msichana, na asiyependa anyamaze. Akaniambia, "Ayeyo, si uso ni mmoja? Kaa mara mbili."

Nikamwambia, "Jua limekupiga."

Akatundika shuka jeusi ukutani, akaweka kamera kwa stendi, akabadilisha setting. Nikakaa chini upande mmoja nikisokota kamba ya mikeka, kazi tuliyofanya mimi na Dahabo tangu utoto. Klik. Nikahamia upande wa pili, nikabadilisha mtandio. Klik.

Hakuna kompyuta, hakuna app. Kamera yenyewe ikatoa picha moja, ndani wanawake wawili.

Wakuu, nikauliza, yule wa kwanza alikuwa anangoja wapi?

"Mwanga ndio huandika, ayeyo. Penye giza pamebaki wazi, wewe wa pili ukaingia hapo."

Subhanallah. Miaka yote hii nilidhani giza halina kazi.

Lakini nikatazama tena. Huyo wa pili hakuwa Dahabo. Alikuwa mimi tena.

Ukisokota kamba unanyoosha mguu mmoja, unabana ncha ya kamba kwa kidole gumba cha mguu huo. Mimi hunyoosha wa kulia, kama watu. Dahabo alinyoosha wa kushoto, mama akimwambia anakaa kama mbuzi aliyefungwa vibaya.

"Turudie," nikamwambia Hodan.

Goti langu la kushoto ni bovu, halinyooki. Nikalinyoosha hivyo hivyo, machozi yakitoka.

"Ayeyo, ukivunjika mama ataniua."

"Akuue. Piga kwanza."

Ubah alipofika nilimwambia wazi kabla hajaona: huyu si mama yako, ni mimi nimekaa kama yeye.

Akatazama, akauliza, "Mbona mguu wa kushoto?"

"Ndivyo alivyokuwa."

Akaweka picha kando. Akachukua kamba yangu, akakaa mkekani, akanyoosha mguu. Wa kushoto.

"Kutulo wote hunicheka," akasema. "Hakuna aliyenifundisha."

Hodan alikuwa na kamera mkononi. Alisahau kupiga.

Nilichojifunza: wapigeni picha watu wenu wakiwa kazini, si kwa kiti kama wanaongoja daktari. Uso nilikuwa nao mimi miaka yote. Dahabo alikuwa mguuni.

Na wewe, kuna kitu mwili wako hufanya, kumbe ni cha mtu ambaye hukumwona? Andika hapo chini. Hodan atanisomea.