Chipsi nyeusi zilitaka kunirudisha ofisini: namshukuru dada aliyeuliza viazi vililala wapi

Wakuu, heshima zenu nyote.

Haya yamenikuta mwenyewe hapa Muscat, sijaongeza chumvi. Naandika kwa sababu nina shukrani kifuani na sijui niziweke wapi.

Mimi ni mtu wa Njombe. Nafanya kazi za ndani Mabela, kwa Waomani wenye asili ya Zanzibar. Mama mwenye nyumba, Bi Zuwena, ni mtu mwema sana, ila kwenye mafuta ya kukaangia hana mchezo. Yakitumika mara moja, mwaga. Mumewe alifariki kwa moyo, na yeye anaamini ni mafuta ya kurudiarudia.

Kila Ijumaa dada zake wanakuja kula mchana. Chipsi ni zangu. Mtu wa Njombe utamfundisha nini kuhusu kiazi? Hahaha.

Basi tukanunua boksi zima la viazi soko la Mawaleh. Joto la huku mnalisikia, na kwetu viazi hukaa stoo yenye ubaridi. Nikaona nitumie akili, nikavijaza vyote kwenye friji. Nilijipongeza kabisa.

Ijumaa ya pili yake nikakaanga. Nyeusi. Nje zimeungua, ndani bado, na chungu. Mafuta nilikuwa nimefungua chupa mpya.

Bi Zuwena akaniuliza mbele ya wageni nimeyakaangia mara ngapi. Nikasema ndiyo mara ya kwanza.

Wiki iliyofuata, yaleyale. Nikaapa kwamba mafuta ni mapya. Akaniambia taratibu, dada zake wanasikia:

"Mbatata mbovu nnaweza kustahamili. Urongo siuwezi. Jumapili unarudi ofisini."

Ofisi ni ile ya wakala iliyonileta huku. Ukirudishwa kwa kosa la uongo, nani atakuchukua tena? Na nyumbani wanangu wawili wanasoma kwa kazi hii hii. Nililia mpaka kichwa kikauma.

Jumamosi akaja binti yake, dada Thureya. Kazi yake iko Al Khuwair, mambo ya utafiti wa mazao. Akanikuta nafunga begi. Hakuniuliza kama nasema kweli. Aliuliza viazi vililala wapi.

Nikamwonyesha friji. Akatoka kwenda dukani, akarudi na viazi vilivyokuwa rafuni, si kwenye friji, akamwita jikoni mama yake na wale dada za mama, waliokuwa wamelala hapo tangu Ijumaa. Akafungua chupa mpya ya mafuta wakiona.

Tukaanza na vya friji. Vikatoka vyeusi. Kisha kwenye mafuta yaleyale, ambayo sasa yameshatumika, tukatia vya dukani. Vikatoka rangi ya dhahabu.

Bi Zuwena akachukua moja ya kila aina, akaonja.

Dada Thureya akatueleza kwamba kiazi kikikaa kwenye baridi, wanga wake unageuka sukari. Halafu kuna enzyme ndani yake, kama mkasi, inaikata ile sukari vipande viwili vidogo, na hivyo ndivyo vinavyogeuka vyeusi na kuwa chungu kwenye mafuta ya moto. Kiazi hicho hicho kina protini yake inayoikamata ile enzyme isikate. Kwenye aina fulani za viazi protini hiyo ina nguvu, baridi haiviharibu sana. Kwenye vyetu ilizidiwa. Kumbe kuna watu kazini kwao wanatafuta viazi vyenye protini kali ya namna hiyo, nami nilidhani wanakagua nyanya tu!

Bi Zuwena akachukua simu, akapiga ofisini hapo hapo, akawaambia siendi popote. Kisha akanishika mkono mbele ya dada zake walewale.

"Mwanangu, nimekudhulumu. Nnakutaka radhi, na hawa wawe mashahidi."

Wakuu, nina miaka kadhaa Ghuba. Sijawahi kuombwa radhi na bosi.

Nilichojifunza: viazi vya kukaanga usiweke friji, weka mahali pa giza penye hewa. La pili, mtu akikutetea kwa maneno anaweza asiaminiwe. Dada Thureya alinitetea kwa kikaango, na Mungu ambariki.

Wewe nani alikusafisha jina ulipokuwa umeshafunga begi? Mtaje hapa tumshukuru pamoja.