Mate ya Mama wa Bisil

Kenya nilikwenda kukaa kwa muda tu, mpaka binti yangu ajifungue. Kwetu ni Singida, nalima alizeti, na shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo msinitafutie maneno makubwa humu. Binti aliolewa na kijana wa Kimaasai, wakapanga nyumba Kitengela. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ilipofika mwezi wa saba daktari akamwambia alale, asinyanyue hata ndoo. Ndipo nikaitwa.

Kitengela kuna upepo. Ukianua nguo zimeshakuwa rangi ya udongo, na maji tulinunua kwa mwenye punda, mtu mmoja mbishi sana, yule punda ndiye mwenye adabu. Lakini si hilo nililotaka kusema. Nilitaka kusema nilikuwa naogopa. Binti akikohoa, naogopa. Akinyamaza, naogopa zaidi. Kanisani nilizoea kwenda kwenye misiba na harusi tu. Tegemeo langu lilikuwa hirizi ya mganga wa nyumbani, niliivusha mpakani Namanga ndani ya sidiria, nikamfunga binti kiunoni. Alikataa, nikalia, akakubali.

Mkwe wangu ni mpole. Hali chakula mbele yangu, ndiyo heshima yao; anachukua sahani anaenda kula mlangoni kama mlinzi.

Siku moja akaja mama yake kutoka Bisil, na kibuyu cha maziwa. Tukasalimiana vizuri. Akamwendea binti yangu kitandani, akamfunua tumbo, akalitemea mate. Si mengi, kama manyunyu, tfu, tfu, huku anasema maneno ya Kimaasai. Binti akatabasamu. Mimi sikutabasamu. Kwetu mtu mzima akikutemea mate, amekuapiza. Alipotoka tu nikalifuta lile tumbo kwa kanga yangu, kisha kanga nikaitupa. Kanga nzuri ile, mpaka leo naikumbuka.

Wiki hiyohiyo binti akaanza kutoka damu. Mumewe akatupakia kwenye gari, tukaenda Kajiado kwa daktari wake. Njia nzima nilimshika miguu, nikaona inapoa. Walipompeleka kupasuliwa, muuguzi akaifungua hirizi, akaniwekea mkononi kama anayerudisha chenji. Nikakaa nayo kwenye benchi. Mara namwona mama wa Bisil anakuja. Nikajua amekuja kumaliza kazi yake.

Nikamwambia, "Mama, ulimtemea mwanangu mate. Alikukosea nini?"

Alinitazama mpaka akaelewa, akakaa karibu yangu. Kiswahili si lugha yake, alikitafuta polepole, akaniita yeyo, yaani mama.

"Yeyo, hiyo ni baraka. Mzee kama mimi niko na nini ya kupea mtoto? Niko na mate. Kama simpendi, natema chini, naenda zangu."

Akaniuliza naogopa nini hasa. Nikamtajia: majirani wa Singida, shangazi yangu aliyekufa na kinyongo, chumba kile walichomwingiza binti, na yeye mwenyewe. Aliposikia na yeye yumo akacheka kidogo.

"Na Mungu?"

"Huyo sijamkumbuka."

"Basi mwambie yeye hiyo yote. Hata mimi, nishtaki tu."

Akaanza kuomba yeye. Sikuelewa kitu ila Enkai, ndivyo wanavyomwita Mungu, na Yesu, na jina la binti yangu. Ilipofika zamu yangu sikujua pa kushika. Nikasema: Mungu, mimi ni mgeni hapa, naogopa, usimchukue huyu mtoto, wala mama yake. Basi. Hofu haikuondoka, nisiwadanganye. Ila tangu nifike nchi ile nilikuwa naogopa peke yangu, na pale kwenye benchi sikuwa peke yangu tena. Hirizi niliiacha palepale, sijui nani aliifagia.

Mtoto alitoka wa kike, mdogo kama paka, akawekwa kwenye kisanduku cha kioo chenye joto, na mama yake akatoka salama. Mama wa Bisil akachungulia, akasema, "Mbaya sana huyu." Nikashtuka upya, mpaka aliponieleza kwamba kwao mtoto mchanga hasifiwi. Akaanza kukusanya mate, muuguzi akamuwahi: "Shosho, hapa hakuna kutema." Akaziba mdomo kwa mkono kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Tukacheka wote wawili.

Sasa mtoto anatambaa. Jumapili tunampeleka kanisa la mabati hapo Kitengela, upepo unayapiga mpaka mchungaji hasikiki, nami bado akipata homa naogopa vilevile. Tofauti ni kwamba najua pa kuipeleka hofu.

Juzi nilikuwa naondoka kwenda nyumbani kuvuna alizeti. Kumwacha mtoto kulinitisha mpaka nikafungua mzigo na kuufunga tena. Nikamfunua tumbo, nikaangalia kama kuna anayeniona, nikamtemea. Mdomo ulikuwa umekauka kwa woga, yakatoka machache. Nikalitaja jina la Yesu, na mara hii tumbo sikulifuta.