Mapunye ya Chausiku

Juzi mjukuu wangu aliniletea paka wake nimwone. Nyuma ya sikio palikuwa na duara lisilo na manyoya. Daktari wa mifugo alikuwa amemwambia kwamba ni fangasi, na kwamba huambukiza hata watu. Nikakumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Temeke.

Paka wetu, Chausiku, alikuwa amenyonyoka shingoni. Baba alimtia ndani ya kikapu, akakifunga kwa kamba.

"Ana mapunye huyu," alisema. "Nakwenda kumtupa mbali kabla hajatuambukiza."

Mama alikuwa akininyoa uani, harufu ya sabuni ya mche ikinijaa puani. Ghafla wembe ukasita.

"Baba Neema, hebu njoo utazame. Na huyu mtoto anayo."

Chausiku alilia mle ndani, nami nikakitazama kile kikapu, nikajiuliza kama nitaenea. Nikaingia ndani, nikavaa gauni langu la kanisani, nikarudi kusimama mbele ya baba.

"Baba, nipo tayari. Utatutupa pamoja?"

Baba alichuchumaa, akaanza kuifungua kamba. Mama alijifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika, nami sikujua kama anacheka au analia.

Kisha walitupaka salfa iliyochanganywa na mafuta ya nazi, mimi na paka. Hadi jua linazama nilikuwa nimekaa kizingitini, Chausiku mapajani, tunanuka, nikingoja safari ambayo hakuna aliyeniambia kwamba imevunjika.