Wakwe wa Fundi Cherehani

Kazi ya dada mtu ni kulea samaki wasioliwa. Wana milia ya buluu, kimo chao hakizidi kidole, na vifaranga vyao ni angavu kama kioo; ndiyo maana watafiti wa saratani huwapenda. Huvipandikiza chembe za uvimbe wa binadamu zilizotiwa rangi nyekundu, kisha hutazama kwa hadubini kama dawa inaupunguza, bila kupasua kitu. Yeye huosha matangi, hupima joto la maji, hulisha. Jioni hurudi vidole vimekunjamana na mgongo haumtii tena.

Kwenye kochi humkuta mdogo wake, fundi cherehani, aliyekondeshwa na saratani ya utumbo. Swali lake ni lilelile: wakwe zangu wameamkaje? Ndivyo anavyowaita samaki kwa utani, maana wamebebeshwa uvimbe kama wake. Dada, kwa kumchangamsha tu, alizoea kumletea habari njema: leo wekundu umepungua, leo wanaogelea vizuri.

Kumbe mwenzake alikuwa akijenga juu ya habari hizo. Kila siku ya dripu ya dawa ya saratani aliaga kwamba anakwenda hospitali, akaishia kibandani kwa fundi mwenzake. Dripu ilimtapisha hadi akaapa harudi. Heri angojee dawa ya samaki. Dada aliyajua hayo leo mchana, muuguzi alipopiga simu kuuliza mgonjwa yuko wapi.

Jioni dada aliketi ukingoni mwa kochi na viatu vyake miguuni.

"Wakwe je?"

"Wekundu umepungua. Lakini dawa ile, mpaka mtu aimeze, ni miaka na miaka. Huenda isifike kabisa. Samaki ni mlango wa kwanza tu."

Fundi alitazama dari. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unacheka. Sikutaka uache."

Fundi hakuwa na nguvu ya kugomba, wala dada ya kubembeleza.

"Na wao," aliuliza mwishowe, "dawa haiwatapishi?"

"Wako ndani ya maji, nitajuaje?"

Alicheka, akashika tumbo. "Ngojangoja huumiza matumbo, na langu halihitaji msaada. Kesho utanisindikiza kwenye dripu?"

Dada alisema ataomba ruhusa. Matangi yataoshwa na mwingine. Akainama kufungua viatu, usingizi ukamchukua mkono ukiwa kwenye kamba. Mgonjwa akateremka taratibu hadi sakafuni, akamfungulia.