Shaba Iliyonaswa Mlangoni

Kazini walimwita Mama Shaba, na jina likamkaa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipima madini katika maabara ya vyakula, na kati ya madini yote alipenda shaba. Ole wako umuulize habari zake, chai yako itapoa mkononi. Angekueleza kwamba shaba ya kwenye ini, korosho na maharage haikai humo kama kipande cha waya, bali imekumbatiana na protini. Asidi ya tumbo huiachanisha nazo, na hata hapo safari bado: sharti ibadilike, ipokee elektroni moja, ndipo utumbo uifungulie mlango. "Ina adabu zake!" angesema, macho yakimng'aa.

Lakini mganga hajigangi. Nyumbani kwake baba mkwe, fundi cherehani wa siku nyingi, alikuwa akipoteza miguu. Ganzi ilianzia vidoleni ikapanda hadi magotini. Damu ilipungua, na miezi minne ya vidonge vya madini ya chuma haikuiongeza hata kidogo. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na sasa alilazimika kuinama chini ya meza aone kama mguu uko juu ya kanyagio au umeteleza. Mume wa Mama Shaba alishaamua: Jumamosi mashine inatoka sebuleni, mzee apate nafasi ya kiti cha magurudumu. Mzee hakubisha. Aliendelea tu kuifuta kwa kitambaa kila asubuhi, na hilo ndilo lililomchoma mkwewe moyo.

Ni yeye aliyembembeleza daktari apime shaba katika damu ya mzee. Jumanne majibu yakaja: karibu haipo.

"Haiwezekani!" alifoka. Si yeye anayempakulia? Ini, ufuta, korosho, yote mzee anakula na sahani anaisafisha. Sasa shaba inakwenda wapi?

Jumatano asubuhi alimletea chupa mbili za maabara, moja ya siku ile na moja ya kesho yake.

"Baba, nakuomba jambo la kikazi. Kila kinachoingia kinywani mwako, tia na humu kiasi kilekile. Ukila vijiko vitano, chupa nayo ile vitano."

"Kila kitu?"

"Kila kitu, baba. Hata maji."

Mzee aliitazama chupa muda mrefu. Alikuwa mtu wa vipimo, suruali yake haijapata kuzidi hata nusu inchi. "Haya, mwanangu," akasema.

Ijumaa Mama Shaba alipima zote mbili. Chupa ya Jumatano ilikuwa na shaba ya kutosha watu wawili. Ya Alhamisi vilevile, ila kwenye mchanganyiko huo mlikuwa na kitu cheupe chenye kunata, na namba ya zinki ilimfanya adhani mashine imepata wazimu. Akaisafisha, akarudia. Namba ileile! Akarudia tena.

"Nimemkamata!" alipiga kelele hadi mwenzake akamwaga chai.

"Nani?"

"Mwizi!"

Maana zinki ikizidi, ukuta wa utumbo huzalisha protini ya kuidaka, na protini hiyo ikikutana na shaba huishika kwa nguvu zaidi, haiachii. Siku chache baadaye ukuta unajichubua, na kila kilichoshikwa kinaishia chooni. Mzee alikuwa akiila shaba na kuisindikiza nje!

Alitoka na koti la maabara mwilini. Mlangoni mwa nyumba methali ilimjia mdomoni, mficha uchi hazai, akaimeza haraka. Hiyo si ya kumwambia baba mkwe.

"Baba, kwenye chupa ya jana mna kitu cheupe."

Mkono wa mzee ulipanda kinywani. "Si ulisema kila kitu? Jumatano nilikiruka. Ila nguo ukiruka kipimo kimoja, inapinda yote." Akashusha mkono. "Ni gundi ya meno. Haya ni ya bandia, mwanangu. Aliyejua ni marehemu mama yenu peke yake. Fizi zimesinyaa, hayashiki, kwa hiyo naongeza. Tyubu ya mwezi sasa naimaliza kwa siku tatu."

Mama Shaba alilia na kucheka kwa mpigo. Mzee alidhani anamcheka meno.

Jumamosi mashine haikutoka. Daktari alipiga marufuku gundi ile yenye zinki, akampa shaba ya dawa. Baada ya wiki sita damu ilikuwa imejaa. Kuhusu miguu daktari hakuahidi kitu. Mzee alirudi kushona bila meno, na mteja akiingia alijifanya anakagua pindo ili asionyeshe mdomo.

Siku moja, mwezi wa nne wa matibabu, Mama Shaba alikuwa jikoni cherehani iliponyamaza ghafla katikati ya mshono. Akakimbilia sebuleni, kijiko mkononi.

Mzee alikuwa ameketi peku, nyayo zote mbili juu ya kanyagio, mteja amesimama mbele yake akisubiri suruali iliyoshonwa nusu.

"Baridi!" mzee alipaza sauti. "Mwanangu, chuma ni baridi!"

Akacheka mbele ya mteja, mdomo wazi, fizi zote nje.