Bangili ya Bi Harusi Mwambani

Nyie vijana mtakaosoma haya, wasichana kwanza, kaeni mnisikilize. Kusoma kwangu ni kwa ngumbaru, basi msitafute maneno ya kupendeza hapa. Nataka kuwaambia hofu iliyoniingia siku moja na mpaka leo haijatoka. Nikisikia bangili zinalia jikoni, mtu anaosha vyombo tu, moyo unanilipuka. Napiga kelele: “Mkono uko wapi?” Wananicheka. Wacheke.

Hapa kwetu upande wa Moa wanawake tunavua pweza kwa miguu. Hatuna chombo wala nyavu. Bamvua likifika, maji yakatoka mpaka mwamba ukaonekana, tunashuka na nondo tunatafuta matundu. Pweza unamjua kwa mlango wake. Anakula kaa na kome, maganda anayatupa nje, kama mwanamke asiyefagia uwanja. Unamchokoa kwa nondo, yeye anaikumbatia, unamvuta taratibu. Mkono unaingia mwisho, akishachoka, umkamate kichwa.

Na tunakwenda tumejipamba. Mama yangu hakushuka pwani hata siku moja bila wanja machoni na asumini kichwani. Mwanamume mmoja aliwahi kumuuliza, unampambia nani huko, kaa au chaza? Mama akamjibu, “Najipambia mwenyewe. Na maji yakinichukua, watakaoniokota wanikute nimependeza.” Sisi watoto tulicheka. Sikujua kama ni maneno ya kuogopesha mpaka nilipofika umri huu.

Mimi nikaendelea hivyo hivyo. Kanga safi, hina, udi kwenye nguo. Nyumbani mimi ni mke na mama, mwambani mimi ni mvuvi, na sikuona sababu ya kumvua mmoja nguo ili nimvishe mwingine. Mabinti zangu nikawafundisha, na mjukuu wangu mmoja, mtoto wa binti yangu mkubwa, huyo nimemlea tangu ana miaka minne. Akawa hodari kunishinda. Anaona tundu mahali mimi naona jiwe tu.

Mjukuu huyu akaolewa mjini, mtaa wa Usagara, kwa watu wenye asili ya Oman, watu wa mashamba na maduka. Sitaficha, niliwaogopa. Niliogopa waseme wameletewa mtoto wa pwani asiye na adabu. Siku ya harusi mama mkwe alimvisha bangili moja ya fedha mkono wa kulia, kitu cha kale, kizito. Kiganja kilipakwa sabuni ndipo ikapita. Mimi nikamwambia mjukuu wangu, hiyo isitoke mkononi mpaka arobaini ya harusi iishe. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilikumbuka tu kwamba bi harusi wa zamani walikuwa hawavui, nikaona hawa wakubwa ndio zaidi.

Siku ya ishirini na mbili akaja kututazama. Mwezi ulikuwa umeandama juzi yake, bamvua limekolea.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu umemwacha na nani?”

“Nimemwacha na mama yake. Bibi, maji yanatoka leo?”

“Yanatoka, lakini wewe ni bi harusi.”

“Bi harusi hali pweza?”

Akaenda penye pipa la maji, akachukua sabuni. Namwona kama ninavyoiona karatasi hii. Akasema, “Ngoja niivue hii bangili, itanisumbua kwenye tundu.”

Nikasema, “Usiivue. Arobaini haijaisha. Unataka wakwe zako waseme umelelewa na kunguru?”

“Bibi, hawataniona.”

“Mimi nimevua pweza na bangili tangu mama yako hajazaliwa. Weka sabuni.”

Akaiweka. Sikuongopa, kweli nilivua na bangili. Ila zangu zilikuwa za kioo na za plastiki. Zikibanwa zinavunjika, mkono unatoka. Hilo halikunijia kichwani, nami ndiye mkubwa.

Tulishuka watu watatu, mimi, mjukuu na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Wifi ana ulimi. Alipomsogelea bi harusi akanusa, akasema, “Mh! Halud yote hii? Pweza leo watajileta wenyewe na posa mkononi.”

Mjukuu akamjibu, “Wakija nitawapa wewe, bibi. Mume wa mikono minane utafaidi.”

“Minane ya nini? Miwili tu ilinishinda.”

Tukacheka njia nzima. Saa nne maji yalikuwa yametoka mbali kabisa. Tukatawanyika kidogo kidogo, kila mtu na nondo yake. Nilipata wawili, wifi mmoja. Karibu saa tano nikasikia maji yanaingia kwenye mkondo nyuma yetu. Mkondo ndio unaojaa kwanza, na usipovuka mapema unabaki mwambani kama jogoo juu ya paa. Wanawake wengine walishaondoka, niliwaona vichwa vidogo kule pwani. Nikaita, “Haya, twendeni!”

Wifi akaja. Mjukuu hakuja. Amelala kifudifudi kwenye shimo la mwamba, mkono wa kulia umeingia tunduni mpaka juu ya kiwiko.

“Mkubwa huyu, bibi. Nimemshika kichwa.”

“Mwachie, maji yanarudi.”

“Nimeshamwachia. Yeye hajaniachia.”

Alisema huku anacheka. Halafu akavuta, nikaona uso wake umebadilika. Akavuta tena.

“Bangili imekwama, bibi.”

Nilipiga magoti, nikatia mkono wangu kando ya wake. Pweza bado alikuwa amemzonga vidole. Nikapapasa mpaka nikaifikia bangili. Ilikuwa imekaa upande, imeingia chini ya ukingo wa jiwe kama kabari. Ilipita wakati wa kuingia, ikageuka alipokunja ngumi. Na mkono kwa kuvutwa vutwa ulikuwa umeanza kuvimba. Kuivua kiganjani haikuwezekana hata nyumbani bila sabuni, seuze humo.

Wifi alipiga mayowe kuelekea pwani. Wimbi likayala mayowe yake. Nikamwambia, “Usikimbie kuita watu. Ukifika na kurudi, maji yatakuwa yamemfunika.” Sikutaka mtoto asikie, lakini alikuwa hapo hapo, angekosaje kusikia?

Maji yaliingia kwenye lile shimo polepole, bila haraka yoyote. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha kuliko kitu chochote. Yalifika kifuani kwake. Akageuza shingo apate kupumua. Nikaweka kiganja changu chini ya kidevu chake, nikakiinua. Wanja ulikuwa unamtiririka, na asumini za nywele zake zinaelea karibu na mdomo wangu. Akaanza kutoa shahada.

Nikamwambia, “Hiyo iweke. Hujafika huko.” Mwenyezi Mungu anisamehe. Nilihisi akiimaliza tu, nitampoteza.

“Wifi, lete nondo na jiwe.”

Wifi akanipa nondo, jiwe akalishika mwenyewe. Nikaishika ncha ya nondo kwa vidole vyangu, nikaitelemsha tunduni kwa kupapasa, mpaka nikaiweka baina ya bangili na ukingo wa jiwe. Niliisikia ncha imekalia fedha. Ila fedha ile ilikuwa juu ya mfupa, na mfupa ule nimeuogesha mwenyewe kwenye beseni.

Wifi akasema, “Nikipiga, navunja mkono.”

“Piga.”

“Wifi, navunja mkono wa bi harusi!”

“Piga, nakwambia! Asiye na mkono anakula. Asiye na pumzi anakula nini?”

Akapiga. Nondo ikateleza, ikanichubua vidole. Nikairudisha. Maji yalikuwa masikioni mwa mtoto, ananitazama kwa macho mawili tu, mdomo ameufumba. Wifi akapiga mara ya pili, bangili ikanepa kidogo. Ya tatu nikasikia sauti mbili. Moja ya fedha. Ya pili mnaijua, siiandiki.

Mkono ukatoka, na pweza juu yake. Nilimng'oa yule pweza nikamtupa mbali, kitu ambacho sijakifanya maishani mwangu. Mkondo tuliuvuka maji yakiwa kifuani, mtoto katikati, mkono wake umefungwa kwa kanga yangu. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na wifi akaniambia, “Nyamaza, unamtisha.”

Bodaboda ikatufikisha barabara kuu itokayo Horohoro, tukapata gari mpaka hospitali mjini. Mfupa wa kifundo ulikuwa umevunjika, wakamtoa bangili, wakamfunga plasta. Jioni ile ile mama mkwe akaja. Nilimwona anaingia, kavaa buibui lake, mimi nina kanga yenye chumvi na miguu ina mchanga. Niliogopa tena, hofu nyingine. Nikaona heri niseme kabla sijaulizwa.

“Bangili yako hii, imepinda. Alitaka kuivua, mimi ndiye niliyemkataza, kwa ajili ya arobaini.”

Akaichukua, akaigeuza geuza. “Arobaini gani?”

“Desturi yenu.”

“Nani kakwambia? Sisi bangili ya harusi tunaivua siku ya saba, tunaitia kasha. Mimi namwona anavaa mpaka leo, nikadhani ndiyo desturi yenu ya pwani. Nikaogopa kumwambia avue, mkasema tumeinyang'anya.”

Tulitazamana. Kila mmoja alikuwa amemwogopa mwenzake, na kitoto kikaingia majini na hofu zetu mkononi. Hakunilaumu. Akaketi kitandani, akaanza kumsuka mkwewe nywele zilizojaa mchanga.

Wanangu wa kiume nyumbani wakasema basi, imetosha. Wanawake wenye mapambo wakae nyumbani, mwambani waende wanaume, na anayetaka kuvua aache hina. Mkubwa wao akaniambia, “Mama, chagua moja.” Kwa miezi kadhaa sikushuka pwani. Bamvua lilikuja, likaenda, nami nakaa kizingitini nasikiliza maji.

Kisha plasta ikatoka. Mjukuu akaja, kifundo kimepinda kidogo, na juu ya ule mpindo amechorwa piko, maua na majani, kazi nzuri. Nondo yake begani.

“Shikamoo bibi. Maji yanatoka leo?”

Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni. Nikamtazama mkono, nikamtazama uso, amepaka wanja kama mama yangu. Kama ningemkataza, ningekuwa namkataza mara ya pili kwa ajili ya hofu yangu, na ya kwanza mmeona ilivyotufikisha. Nikatundika kikapu kwenye msumari wa mlangoni, nikawaita wote waliokuwamo nyumbani, wanaume kwa wanawake, nikasema:

“Hina mtapaka, wanja mtapaka, udi mtajifukiza mpaka pweza apige chafya. Lakini bangili, pete, mkufu na saa vinabaki kwenye kikapu hiki, hata kama umevishwa na mfalme. Mkondo ukilia, mnarudi, hata kama umeshika kichwa. Na asiyevivua hapa mlangoni haendi pwani, hata nikiwa mimi mwenyewe, nirudisheni.”