Mlango Uliomjua Dada

Dada yangu alifia Doha, hospitalini, kwa ugonjwa wa figo ambao hakutuambia. Maiti ililetwa Tanga, tukamzika. Mwaka uliofuata nikaenda mimi, kwa wakala yuleyule, hoteli ileile ya West Bay, kazi ileile ya kutandika vitanda. Watu walinisema sana. Waache waseme, mama alikuwa hana mwingine wa kumtegemea.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi kamba yangu nilifungwa mapema: vidole vyote kumi kwenye kioo, mboni za macho, uso. Wanaita bayometriki. Supavaiza wetu, mama mmoja wa Kiganda, alinieleza kwa kifupi: huku huna haja ya kusema wewe ni nani, mwili wako utasema. Nilicheka. Mimi na mdomo wangu huu, nisemewe na kidole?

Hayo yalikuwa ya serikali. Hoteli nayo ilikuwa na mashine yake, kioo kidogo kwenye mlango wa wafanyakazi, inasoma uso. Asubuhi ya kwanza tuliposhuka kwenye basi kutoka bweni letu la Al Rayyan, supavaiza akaniambia, "Subiri hapo dada, bado hujasajiliwa. Nitakufungulia." Nikasimama mbele ya kioo. Kikawaka kijani, mlango ukafunguka. Jina lililotokea lilikuwa la dada yangu.

Supavaiza alikuwa amefanya naye kazi. Alinishika mkono, akasema, "Hakuna aliyekumbuka kumfuta." Nyumbani walizoea kusema tumefanana kama shilingi kwa ya pili, na mimi nikinuna, maana uzuri alisifiwa yeye.

Nikamwambia mama, ningemficha vipi? Kesho yake akapiga simu ya video nikiwa kwenye foleni. "Nigeuzie nione." Nikamgeuzia. Jina likatokea, mlango ukafunguka, mama akasema taratibu, "Bado wanamjua."

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila asubuhi mama anajifunga khanga safi, anakaa na simu yake, tunangoja pamoja binti yake aingie kazini. Msidhani alikuwa amerukwa na akili. Maiti ya mwanawe aliiosha kwa mikono yake mwenyewe. Lakini kuona jina lile kulimpa nguvu ya kula chakula cha asubuhi, na mimi nilikuwa nataka ale.

Ila nilikuwa naogopa, sitaki kudanganya. Nikisukuma toroli la mashuka kwenye korido zile ndefu, nilihisi ni yeye aliyeingia na mimi nimebaki nje. Nilianza kukwepa vioo vya bafuni. Ilifika mahali nikawa naviosha nimeinamisha kichwa.

Mwisho ofisi ikashtuka. Kwenye kompyuta yao marehemu hakosi kazi hata siku moja, na mimi sijawahi kufika. Walipojaribu kunisajili mashine ikakataa, ikasema uso huu tayari upo. Ikabidi wamfute yeye kwanza, la sivyo mimi nisingekuwa na kazi, ningepandishwa ndege nirudi.

Mama alisema, "Usikubali, mwanangu. Waambie wamwache. Anamsumbua nani?"

Fundi wa kompyuta, Mnepali mmoja mpole, alinigeuzia skrini. Palikuwa na picha ya dada siku aliposajiliwa, mtandio umemwenda upande, anazuia kucheka. Niliomba niipige picha kwa simu yangu, akasema hairuhusiwi, na sauti yake ilionyesha hata yeye hapendi. Akaniuliza kama niko tayari. Nilimwambia afute. Machozi yalinitoka palepale mbele ya watu, na wala sikuyafuta.

Nilimweleza mama. Alijibu "haya" tu, akakata simu. Asubuhi akapiga kama kawaida, na khanga yake safi. Nikamgeuzia. Kioo kikawaka kijani, kikaandika jina langu, mlango ukafunguka. Nilitumaini atafurahi japo kidogo, na mimi pia si mwanawe?

Mama akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya unga:

"Na yeye sasa ataingilia wapi?"

Foleni nyuma yangu ilikuwa inasukuma. Nikaingia.